Alipopewa Jina, Hakuitwa Tena

Vijana wenzangu wa chumba cha kompyuta, siku ya kuniaga mlinipa leso, mkanilisha keki, mkanitwika na saa ya ukutani ambayo haijasema kweli tangu niitundike. Kisha mkaniambia, "Bi Mwanahamisi, tuandikie ya kazini kabla hujasahau." Kusahau! Nimestaafu kazi, sikustaafu akili. Haya basi, nawaandikia. Vyeo sitavitaja. Kadi za vyeo vyangu nimezikunja nikazitia chini ya mguu mfupi wa meza yangu ya jikoni, na huko zinafanya kazi nzuri kuliko zilivyofanya ofisini.

Nilianza katika chumba kimoja Ukunda, nyuma ya duka la magodoro. Shirika letu la afya lilikuwa na zahanati chache tu wakati huo, na kompyuta zake zilikuwa chini ya mtu mmoja, Mzee Nzioka. Alikuwa Mkamba wa Shimba Hills, mzee wa kanisa, ambaye wazazi wake walihamia huko wakati wa kugawiwa mashamba. Kiswahili alikijia ukubwani, na kama wafanyavyo waliokipata kwa jasho, alikiheshimu kutushinda sisi tuliozaliwa nacho. Asubuhi yangu ya kwanza nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unajua kuandika programu?"

"Kidogo."

"Hebu nisomee hii."

Nikaanza kumsomea yale maneno ya Kizungu na mabano yake, alama kwa alama. Akanisimamisha kwa mkono.

"Sikukuuliza imeandikwa vipi. Nakuuliza inasema nini. Niambie kwa Kiswahili, kama unamweleza mamako."

Nilishindwa, wallahi. Nilisimama pale na diploma yangu, jasho linanitoka, na feni inazunguka. Mzee Nzioka hakucheka. Alinivutia kiti, akaniagizia chai, tukaisoma pamoja mstari kwa mstari mpaka ikasema kitu. Tulifanya hivyo kila siku, mwaka hata mwaka, na mpaka leo nikiona programu midomo yangu hutembea kama ya mtu anayevuta uradi. Mnanicheka kwa hilo, najua. Chekeni.

Jambo lake jingine lilikuwa majina. Kila kitu ndani ya programu alikiita kwa Kiswahili. Mtoto mchanga alikuwa na kadi yake ndani ya kompyuta, na kwenye kadi kulikuwa na mama, uzito, siku ya kuzaliwa, jina, na sehemu moja ndogo ya ndiyo au hapana iliyoitwa "aitwe". Ikiwa ndiyo, mashine humtumia mama ujumbe wa simu siku ya kliniki ikifika: njoo umlete mwanao. Ikiwa hapana, mashine hunyamaza. Mzee Nzioka aliamua kwamba kila mtoto azaliwe na ndiyo bila mtu kuigusa, na muuguzi aweke hapana kwa mkono wake akiwa na sababu, kwa mfano familia imehama au, Mungu apishe mbali, mtoto hayupo tena. Hiyo thamani ya kuanzia ndiyo tunayoiita difoti. Na kile kipande cha programu kinachomtoa mtoto mpya ndani ya kompyuta na vitu vyake vyote mkononi ndicho tunachokiita konstrakta. Mimi nilikielewa siku Mzee Nzioka aliponiambia kwamba konstrakta ni mkunga tu, na mkunga mzuri hamtoi mtoto uchi.

Konstrakta zote aliziandika kwa mkono. Alipostaafu akarudi Shimba Hills kwenye minazi na mizinga yake ya nyuki, aliniachia kurasa na kurasa zake. Nilizitunza, lakini sitawadanganya, zilikuwa zinachosha. Ukiongeza sehemu moja kwenye kadi, lazima upite konstrakta zote uziambie.

Ndipo akaja Mutiso. Mlimkuta tayari ametulia, ana mke na kitambi, lakini wakati ule alikuwa moto wa kuotea mbali, katoka Nairobi na vipokea sauti shingoni. Siku ya kwanza hakuniamkia, alisema, "Niaje, Maza?" Nikamwambia hapa kwetu watu husema shikamoo. Akasema, "Shikamoo, Maza." Nikaona basi, nusu ya safari ameshakuja, nikamwacha na hiyo Maza yake mpaka leo.

Mutiso akazisoma zile kurasa, akashika kichwa. "Maza, hii ni kazi ya kanisa la kale. Kuna zana inajiandikia konstrakta yenyewe. Unaweka neno moja tu hapo juu ya klasi, yaani hiyo kadi ya mtoto, imeisha."

Alisema kweli. Tuliweka neno moja, tukafuta kurasa za Mzee Nzioka, na kilichobaki kilienea kwenye kioo kimoja cha kompyuta. Nilifurahi mimi kuliko yeye. Macho yangu yalikuwa yameanza kuchoka.

Wiki ile ile simu za kina mama waliojifungua majuzi zikanyamaza kimya. Sista Dama, muuguzi wa zahanati yetu ya Msambweni, akanipigia. "Bi Mwanahamisi, vipi huko, mmefunga duka? Leo kliniki ya watoto wa siku tatu nimekaa na nzi tu."

Tukafungua, tukaona ajabu. Zana ile ilikuwa imetengeneza konstrakta ya aina yake, ile ya kujenga mtoto kidogo kidogo, umpe mama, umpe uzito, kisha useme amekamilika. Lakini lolote ambalo hukulitaja, haikwenda kutazama tulichoandika kwenye kadi. Tulikuwa tumeandika wazi kabisa, aitwe, sawa na ndiyo. Yenyewe ikapita kando, ikaweka sifuri yake ya kuzaliwa nayo, na sifuri ya ndiyo na hapana ni hapana. Haikuleta kosa lolote. Ilitoa onyo moja la rangi ya njano, na maonyo ya njano sisi tulikuwa nayo mpaka tumeacha kuyaona, ndiyo maana tangu siku hiyo mkiacha njano moja mimi huwa mkali. Mutiso akapata kwamba kuna neno jingine dogo la kuweka juu ya ile sehemu, la kuiambia zana, tafadhali, ishike difoti yangu. Akaliweka. Onyo la njano likatoweka, ujumbe ukaanza kwenda, Sista Dama akatuletea mahamri. Tukala, tukasahau.

Ilipita miezi. Kisha kwenye kikao, mkuu wetu wa miradi, mtu mwema lakini mgeni wa huku, akatuonyesha picha ukutani. Watoto wa Shimba Hills na vijiji vya walowezi kutoka bara wanarudi kliniki vizuri. Watoto wa ukanda wa chini, Msambweni mpaka Majoreni na Vanga, hawarudi.

"Ni utamaduni," akasema kwa upole, kama mtu anayetoa habari za msiba. "Kina mama wa pwani, unajua, wanangoja tu. Nafikiri tutume watu wakawaelimishe."

Nilichemka, nyinyi. Mimi ni Mdigo, mamangu ni wa Majoreni, nimezaliwa na mmoja wa hao wanaongoja tu. Hasira nilikuwa nayo, hoja sikuwa nayo. Mutiso aliinamia daftari lake. Nilitoka pale nimenuna mpaka nyumbani, na mume wangu masikini ndiye aliyeula huo mnuno pamoja na wali.

Jumapili iliyofuata nilikwenda harusi Majoreni, kwa upande wa mamangu. Katika kina mama waliokaa jamvini alikuwapo msichana mmoja, Mwanasiti, mtoto wa binamu yangu, amepakata kichanga kilichofunikwa kwa leso. Nikamfunua nimtazame. Alikuwa mdogo, jamani, kidole changu cha mwisho kilitosha kuwa mkono wake.

"Mashaallah. Kazaliwa kabla ya siku zake?"

"Ndiyo, mama. Pale zahanati kwenu, Msambweni. Wakatupeleka hospitali kubwa, akawekwa kwenye joto, akawekewa na hewa puani. Ndiye Bakari huyu."

Miaka yote ile kati ya wauguzi ilikuwa imenifundisha jambo moja kuhusu watoto wa aina hii. Aliyezaliwa mapema akawekewa hewa lazima akatazamwe macho baada ya wiki chache, maana nyuma ya jicho mishipa yaweza kuota vibaya, na ikishalivuta pazia la ndani hakuna daktari wa kulirudisha. Akiwahiwa, hutibiwa. Asipowahiwa, hupofuka. Nikamuuliza, "Macho yake wameyatazama?"

"Bado, mama. Pale zahanati waliniambia nitaitwa."

"Na hujaitwa?"

"Sijaitwa." Akaitoa simu yake kifuani, akanionyesha kama nisiyemwamini. "Hata kuoga sasa naoga nayo karibu. Nilitaka kwenda, lakini nikasema, mtu ukiambiwa utaitwa, utakwendaje kuwarukia watu wa watu na kazi zao?"

Ngoma zinapigwa, vigelegele vinapasuka, na mimi nahesabu wiki kwa vidole vya mtoto wa watu. Nilitoka nje nikampigia Sista Dama.

"Dama, yuko mtoto hapa wa kutazamwa macho, hakuitwa. Muda wake umefika, sijui kama haujapita."

Dama hakuuliza swali hata moja. "Mlete asubuhi. Nitakwenda nao Mombasa mwenyewe."

Kesho yake wao walivuka feri na mimi nikaingia ofisini. Nilimkalisha Mutiso, nikafungua kadi ya Bakari. Aitwe: hapana. Hakuna muuguzi aliyeigusa.

"Haiwezekani, Maza. Si tulishafiksi hiyo? Cheki." Akaendesha majaribio yake yote mbele yangu. Watoto wake wa majaribio walitoka mmoja mmoja, ndiyo, ndiyo, ndiyo, kijani kitupu.

Nikawatazama hao watoto wake. "Hawa waitwa nani?"

"Aii. Huyu Brayani, huyu Feith, huyu Kelvo."

"Wamepewa majina lini?"

Akanitazama kama nimemuuliza maji yana rangi gani. "Si mtu anapewa jina akizaliwa?"

"Kwenu, Mutiso. Mtoto wenu hutoka na jina la babu yake mkononi. Wetu hupewa jina siku ya saba. Kabla ya hapo Dama humwandika Mtoto wa Mwanasiti, na baada ya siku ya saba humbadilisha jina kwenye kompyuta."

Tukatazamana. Pale pale tukaifungua ile sehemu ya kubadili jina, ambayo hakuna aliyeigusa tangu Mzee Nzioka, nikamwambia, "Nisomee. Kwa Kiswahili, kama unamweleza mamako."

Akasoma polepole. "Tengeneza mtoto mtupu. Mpe mama wa kadi ya zamani. Mpe uzito. Mpe siku ya kuzaliwa. Mpe jina jipya. Funga kadi ya zamani."

"Na aitwe?"

"Haijatajwa."

"Kwa nini haijatajwa?"

"Kwa sababu mtoto mtupu alikuwa anazaliwa nayo."

"Bado anazaliwa nayo?"

Akaandika mistari miwili, akatengeneza mtoto mtupu, akamtoa kwenye kioo. Hana mama, hana uzito, hana jina. Aitwe: hapana.

Ndivyo ilivyokuwa, na hili nataka mlielewe vizuri hata mkiruka mengine yote. Zana ile inatengeneza konstrakta zaidi ya moja. Tulipoweka lile neno dogo ili ile ya kujenga kidogo kidogo ishike difoti, zana iliichukua difoti yetu ikaihamishia huko, na ile konstrakta tupu, inayomtoa yule mtoto mtupu, iliyokuwa nayo tangu mwanzo, ikabaki mikono mitupu. Tulitibu huku, tukajeruhi kule, na safari hii hata onyo la njano halikutoka. Brayani na Feith hawakuwahi kubadilishwa jina, kwa hiyo hawakuwahi kupita kwenye konstrakta tupu. Watoto wa pwani walipita wote. Aitwe, Mzee Nzioka aliandika, akimaanisha aitwe kliniki. Nao wetu, siku waliyoitwa Bakari na Mwanaisha na Omari, wakanyolewa nywele na kuombewa dua, ndiyo siku mashine ilipoacha kuwaita.

Mutiso alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Alikuwa analia, kijana wa watu. "Maza, nimempofusha mtoto."

Nilimshika bega. Nilimpenda sana wakati ule, nami sikuwahi kumwambia, kwa hiyo na asome hapa. "Hujampofusha mtu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza. Inuka sasa, kuna kina mama wengine wamekaa na simu vifuani."

Hatukutuma ujumbe. Tulipiga, sote ofisini, mpaka mhasibu, mpaka mkuu wa miradi mwenyewe, ambaye nilimweleza kwa maneno machache kwamba hao kina mama hawakukataa kuja. Walikuwa wanangoja kwa sababu sisi ndio tuliowaambia wangoje. Aliinamisha kichwa, akasema, "Samahani, Bi Mwanahamisi," akachukua simu. Kiswahili chake kilivunjikavunjika siku ile kama chapati ya jana, lakini alipiga mpaka koo likamkauka. Na kina mama hawakututukana. Mmoja baada ya mwingine walisema, "Alhamdulillahi, nilidhani mmetusahau." Ungetukana, mama, ingekuwa nafuu.

Adhuhuri ilipita, Dama hajapiga. Mutiso akawa anaandika konstrakta tupu kwa mkono wake, kila sehemu kwa jina lake, hakuna zana. Sikumwambia aiandike. Kila simu ikilia chumbani aliacha kuandika.

Alasiri Dama akapiga. Nikaiweka simu mezani ili Mutiso asikie. "Wamemtazama. Mishipa imeota macho yote mawili. Wanamtibu sasa hivi kwa mwanga. La kulia daktari asema limewahiwa. La kushoto tumuachie Mungu."

Waliporudi nyumbani, nilikwenda Majoreni mwenyewe kumweleza Mwanasiti. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Nilikaa naye ukumbini kwao, nikamweleza yote, mashine, kadi, jina. Alisikiliza huku akimnyonyesha. Nilipomaliza akamweka begani.

"Kwa hiyo tulipomwita Bakari, mashine ikaacha kumwita."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na ningekuja bila kuitwa?"

"Tungekupokea kwa mikono miwili."

Akatikisa kichwa taratibu. Machozi yalimtoka bila sauti, nami yakanitoka. Nilichoweza kumwahidi ni kwamba tangu siku hiyo kila mama atakayetoka zahanati zetu ataambiwa: utaitwa, na usipoitwa, njoo. Dama aliwafundisha wauguzi wote kulisema, na mkiingia wadi ya Msambweni leo mtalisikia. Na kwenye majaribio yenu wako watoto wanaoanza maisha kama Mtoto wa Fulani, wakapewa jina siku ya saba. Mutiso aliwaweka. Msiwafute hata mkidhani hawana kazi.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka kadhaa mingine, na mengi yake mlikuwapo. Nilitengeneza, niliharibu, nilitengeneza tena. Mwezi uliopita, kwa kuwa sasa siku zote ni zangu, nilikwenda Majoreni kuwaona. Bakari ni kijana wa kwenda chekechea, mwembamba, ana miwani iliyofungwa kwa mpira nyuma ya kichwa isimdondoke akikimbia. Jicho la kushoto halioni sana. Hunigeuzia uso upande kidogo anaponitazama, ili la kulia lifanye kazi.

Mamake alimwambia aniamkie. Akaja mpaka magotini kwangu, akasema, "Shikamoo, bibi," akabaki pale pale, amenikazia macho, amegeuza kichwa hivi, akanitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akaita kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani:

"Mama! Bibi huyu ana ndevu! Moja, hapa!"

"Astaghfirullahi, Bakari!" Mwanasiti aliruka, mkono ukanyooka kumfinya.

Niliushika ule mkono. Nilijipapasa kidevu, nikaupata kweli, unywele mmoja mweupe ambao mimi mwenyewe, na miwani yangu, na kioo changu, sikuwa nimeuona.

"Mwache," nikamwambia. "Mwache aseme. Ameuona."